Karatasi Niliyoinyoosha Kiingereza

Habari ya kifo cha Barnaba niliipata kwenye simu, katika kundi la WhatsApp tulilolianzisha miaka mingi baada ya kuondoka Doha, kundi ambalo kwa kawaida halina kazi nyingine ila kutumiana picha za maua yenye maneno ya baraka. Mmoja aliandika, "Mzee Barnaba ametutoka leo asubuhi. Ni figo." Kabla sijamaliza kuisoma, rambirambi zilianza kumiminika, na zote zilikuwa moja. Mtu wa kwanza alitunga sentensi nzuri kuhusu shujaa wa imani, wa pili akainakili, wa tatu akainakili na nukta yake ya ziada. Mimi, mwenye shahada tatu na ofisi yenye jina langu mlangoni, niliishikilia sentensi ile kwa kidole, nikainakili, nikaituma. Kisha nikaiweka simu mezani na kuona kwamba sisi watu wa chumba kile cha Doha hatujabadilika hata kidogo. Mmoja huandika, sisi wengine tunatia saini.

Kazi yangu ni kufundisha historia ya kanisa la kale katika chuo kikuu kimoja cha Kenya. Kila mwaka, katika wiki ya sita ya muhula, nafundisha wafia dini wa kwanza. Wanafunzi huipenda wiki hiyo kwa sababu ina simba. Wiki ya saba hawaipendi, maana ndiyo ya wale Wakristo wengi zaidi ambao hawakuliwa na simba yeyote: walipoamriwa kumfukizia mfalme ubani, walifukiza wakarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Wengine hawakufukiza, walihonga ofisa akawaandikia karatasi kwamba wamefukiza, na mashahidi wakatia saini chini. Karatasi za namna hiyo zilifukuliwa mchangani Misri baada ya karne nyingi, zikiwa bado zinasomeka. Nimepandishwa cheo mara mbili kwa yale niliyoandika kuhusu watu hao. Hakuna aliyewahi kuniuliza mapenzi ya somo hilo niliyapata wapi, na mimi sikujitolea kueleza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakati mji mpya wa Lusail ulikuwa bado mchanga na kreni. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, na wakala mmoja alikuwa amenihakikishia kwamba Qatar wanahitaji wasomi. Walinihitaji kweli, wakanipa sare ya mlinzi yenye mikono mirefu kuliko mikono yangu. Tulikaa Al Rayyan, kando ya Doha, katika nyumba iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao, watu wanane kwenye vitanda vinne vya ghorofa. Kila mtu alikuwa amening'iniza shuka kuzunguka kitanda chake, na hiyo shuka ndiyo ilikuwa nyumba yako, mlango wako na adabu yako. Ukiwa ndani yake ulisikia kila kitu na ulitakiwa ujifanye hujasikia. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa na zamu ya kumwagwa iliyoandikwa ukutani. Ukutani huohuo palikuwa na zamu ya jiko, ambalo tulilitumia pamoja na vyumba vingine vitatu. Ukikosa nafasi yako saa kumi na moja jioni, ulikula mkate na dengu baridi.

Barnaba alilala chini yangu. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, amekaribia miaka hamsini, mkubwa kuliko sisi wote. Kabla ya Doha alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na aliisonga sima kwa mikono miwili kama mtu anayepiga makasia. Shule aliiacha darasa la saba. Aliongea kidogo, aliuliza maswali mengi, na aliniita Profesa tangu siku ya kwanza, bila dhihaka. Dhihaka ililetwa na wengine baadaye. Kitanda cha mbele yetu kilikuwa cha Makame, kijana wa Zanzibar wa miaka ishirini na minne, Mwislamu pekee katika chumba chetu na mtu pekee aliyejua kupika kitu chenye ladha. Kila jioni alimpigia mama yake kwa kadi ya simu, na sisi nyuma ya shuka zetu tulimsikia akimdanganya. "Mama, leo tumekula pweza wa nazi. Wallahi nimeshiba, siwezi kuinuka." Huku chini Barnaba akikoroga dengu. Makame akikata simu, Barnaba humuuliza, "Huyo pweza ulinibakishia?" Makame hujibu, "Mzee wangu, wewe ulichelewa, tumeshamla mpaka mikia." Wakacheka wote wawili kila jioni, kwa utani uleule, kama watu wanaosali.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya ibada. Wenye nafasi walipanda basi kwenda kwenye eneo la makanisa nje kidogo ya mji. Sisi ambao siku hiyo tuliingia kazini mchana tuliabudu chumbani, asubuhi, tumekaa kwenye vitanda vya chini magoti yakigusana. Sauti ya kwanza ilikuwa ya supavaiza wetu, Mutiso, Mkenya kama sisi. Alikuwa na cheo na chumba chake mwenyewe, lakini alikuja kuimba na sisi kwa sababu, kwa maneno yake, "huko juu hakuna watu wa sauti ya pili." Mahubiri waliniachia mimi. Nilikuwa nimebeba daftari langu la tasnifu kutoka nyumbani, nikaona si vibaya nikiwasomesha habari za wafia dini, wiki moja mtu mmoja: yule askofu mzee aliyechomwa, yule mama kijana wa Afrika Kaskazini aliyeingia uwanjani maziwa yakimtoka kifuani. Nilifundisha vizuri, nalisema bila aibu kwa sababu ni jambo la aibu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijawahi kuombwa kukana chochote, na nilisimulia mauti ya watu wengine kwa sauti nzuri sana.

Ijumaa niliyofika kwenye ubani, Makame alikuwa nyuma ya shuka yake akijifanya amelala. Nilieleza kwamba serikali haikutaka mengi: punje chache juu ya makaa, na jina lako linaandikwa, basi. Shuka ikafunguka. "Ubani tu?" akauliza Makame. "Kwetu sisi ubani tunafukizia nguo." Watu wakaangua kicheko, hata Mutiso. Barnaba hakucheka. "Kwa hivyo wewe ungefukiza?" akamuuliza. Makame akakaa kitako, akafikiri. "Nguo zinukie, nitafukiza mchana kutwa. Kwamba yule bwana awe mola wangu, hapo hapana. Hata mkinipa pweza." Kisha akafunga shuka. Nikaendelea na wale walionunua karatasi, nikaeleza kwa ustadi jinsi kanisa lilivyogombana juu yao na mwishowe likawapokea baada ya toba. Barnaba akainua mkono kama mwanafunzi. "Profesa, hao wa karatasi, walipofika nyumbani waliwaambia nini watoto?" Nikajibu kwamba vyanzo havisemi. Ni jibu ninalolitumia mpaka leo, na wanafunzi huliandika.

Ramadhani mwaka ule iliangukia kiangazi. Kazi ya mjengo ilisimamishwa saa za jua kali, vibarua wakapumzika kivulini, lakini mageti hayapumziki, na sisi ndio tulikuwa mageti. Kwenye saiti yetu ya Lusail mageti yalikuwa manne, kila moja mbali na jingine, na katikati kulikuwa na kontena lenye kiyoyozi, meza, redio na kitabu cha matukio. Kontena, ambalo kwenye redio liliitwa Kontroo, lilikuwa langu. Kiingereza changu ndicho kilichonipandisha humo: kazi yangu ilikuwa kupokea kila neno la redio na kuliandika, saa na dakika, aliyesema na alichosema. Kando ya goti langu palikuwa na chupa kubwa la maji, lile la kupinduliwa, la lita ishirini, la baridi. Walinzi wa mageti waliletewa maji kwa gari kila baada ya saa mbili. Mtu kuacha lindo lake kabla ya kupokewa, hata kwa dakika tano, lilikuwa kosa la kufukuzwa, na kuiacha redio lilikuwa kosa kubwa zaidi.

Siku hiyo Makame hakuwa amefunga. Nalisema waziwazi kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalijengwa juu ya kinyume chake. Alikuwa ameharisha siku mbili, na alfajiri kwenye basi Barnaba alimuuliza kama amekula daku. Makame akasema tumbo limekataa, leo hatafunga, ataulipa mfungo siku nyingine, dini yenyewe imemruhusu. Akapangiwa geti namba nne, ambalo kibanda chake kilikuwa kimeondolewa ili lori zipite, na kivuli kilichobaki kilikuwa cha bango. Saa tano na robo redio ikasema, "Kontroo, geti nne hapa. Maji yangu yamekwisha, kaka. Gari liko wapi?" Nikaandika. Nikampigia Mutiso, akasema gari limeenda kuwachukua wageni wa mteja, lipo njiani. Nikamwambia Makame avumilie. Saa sita na dakika ishirini: "Kontroo, mie siwezi kusimama vizuri. Nipeni maji na mtu wa kunipokea, tafadhali." Nikaandika. Mutiso akasema hana mtu wa ziada. "Mwambie akae chini kidogo, avumilie, si ni kijana?" Nikamwambia. Saa saba kasoro dakika kumi alisema neno moja tu, maji, bila kutaja geti. Nikaandika geti mwenyewe, kwa sababu niliijua sauti.

Hapo ndipo Barnaba, aliyekuwa geti namba mbili na aliyesikia yote kwenye redio yake, aliingilia. "Kontroo, naomba ruhusa nimpelekee." Nikamuuliza Mutiso, akasema hapana, mteja yuko na wageni, geti haliwezi kubaki wazi. Nikamjibu Barnaba kwamba ruhusa haipo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Basi andika kwamba nimeondoka." Nikaandika. Alitembea na chupa yake mwenyewe, nusu saa nzima juani. Alimkuta Makame amelala kifudifudi chini ya bango, kofia imeviringika pembeni. Gari la maji lilifika baada yake. Hospitali walijitahidi mpaka alasiri. Mimi sikutoka kontenani. Nilikaa na lita zangu ishirini nikaandika kila kitu, kwa mwandiko safi. Kwa muda wote niliofanya kazi kule, ukurasa ule ndio pekee ninaoweza kusema niliuandika kwa uaminifu.

Uaminifu huo ulidumu siku tatu. Ijumaa iliyofuata Mutiso alikuja chumbani kama kawaida. Tuliimba, vibaya, huku kitanda cha Makame kimetandikwa na shuka yake imekunjwa. Baada ya sala ya mwisho akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa taarifa ya tukio, ya kutiwa saini na walinzi wote wa zamu ile, wa chumba chetu na wa vyumba vya jirani. Ilisema kwamba marehemu alikuwa amefunga kwa hiari yake, kwamba saa tano supavaiza alimpa maji na kutaka kumpumzisha, na kwamba alikataa vyote viwili kwa sababu ya dini yake. "Ndugu zangu," akasema Mutiso, "mwenzetu ameshaenda. Hakuna karatasi ya kumrudisha. Lakini iko ya kutuangusha sisi wote tuliobaki. Mteja akisikia ile ingine, kandarasi inaisha, na sisi wote tunapanda ndege." Hakuwa katili. Ningependa sana awe alikuwa katili. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akaniangalia mimi. "Profesa, Kiingereza yangu unaijua. Ninyooshee hapo."

Nikainyoosha. Huwa najiambia kwamba nililazimishwa, lakini hakuna mtu aliyelazimishwa kurekebisha nyakati za vitenzi. Nilikaa kwenye kitanda cha chini, daftari la wafia dini likiwa chini ya karatasi ile ili niandike vizuri, nikatoa neno lililorudiwa, nikaweka koma. Pale alipoandika kwamba marehemu "hakutaka maji" nikaona haitoshi kiofisi, nikaandika kwamba alipewa maji na akayakataa kwa heshima. Hilo neno heshima ni langu. Mutiso alisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa hii ni kitu," akasema. Watu wakaanza kutia saini kwa zamu, kama wanaopokea posho, kila mmoja akimpa jirani kalamu bila kumtazama. Nilitia ya tatu. Ilipofika kwa Barnaba aliisoma polepole, mdomo ukicheza, akaniuliza maana ya neno moja nikamwambia. Akaikunja karatasi, kalamu ikiwa ndani yake, akairudisha.

"Mimi hii siwezi."

"Mzee Barnaba," akasema Mutiso, "wewe ndiye ulipaswa kuwa wa kwanza. Uliacha lindo. Ukisaini, hilo jambo la geti mbili halikutokea. Usiposaini, limetokea."

"Limetokea, Supa. Niliacha."

"Sasa unataka nini? Unataka kurudishwa nyumbani?"

"Sitaki. Nina miezi kumi na minne imebaki, naihitaji yote. Lakini mama yake atasoma hii."

"Mama yake hajui Kiingereza!"

"Ndiyo sababu atasomewa na mtu, mbele ya watu."

Kijana mmoja wa kitanda cha mlangoni akaruka. "Wewe mzee, unajifanya mtakatifu kuliko sisi? Huyo hata hakuwa Mkristo! Unamfia Mwislamu?" Barnaba akamgeukia kama mtu aliyeulizwa bei ya unga. "Sifi. Nakataa kusema alikataa maji, na mimi nilimsikia akiyaomba. Na nyinyi mlimsikia. Redio ilikuwa moja." Mutiso akanong'ona kwamba hata mtume mkubwa alikana, na alisamehewa, na akaniashiria kwa kidevu, kwamba sasa msomi aseme. Nami nikasema. Nilimwambia Barnaba, kwa sauti ileile nzuri, kwamba katika kanisa la kwanza wengi walichukua karatasi ili waokoe familia zao, na kanisa likawaelewa na kuwapokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza kila Ijumaa. "Lakini Profesa," akasema, "hao walisamehewa baadaye. Wewe unanisamehe kabla sijafanya."

Kilichonibakia ni kitabu cha matukio. Kurasa zake zilikuwa na namba, kwa hiyo kuchana moja kusingesaidia, na Mutiso akaniletea kitabu kipya, kitupu. Kwa siku mbili, mchana, ndani ya kontena langu la baridi, niliunakili mwezi mzima. Lori zilizoingia, lori zilizotoka, mtu aliyepoteza kitambulisho, taa iliyoungua. Nilibadilisha kalamu kila zamu ili wino usifanane. Niliumwagia ukurasa mmoja chai kidogo. Nilipofika siku ile, niliandika saa tano na robo: geti namba nne, hali shwari. Nilikuwa nimesomea nyaraka za kale, nikajua ni vitu gani vinavyofanya waraka uaminike. Sidhani kama chuo kikuu kiliwahi kunipa elimu niliyoitumia kikamilifu zaidi.

Barnaba alinyang'anywa sare akaambiwa asubiri tiketi. Ilichukua karibu wiki tatu. Katika siku hizo hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyepanga kumtenga. Ilitokea tu kwamba zamu ya jiko iliandikwa upya na jina lake likasahaulika. Ilitokea kwamba ibada ya Ijumaa ilihamia chumba cha pili, kwa kuwa kina feni nzuri. Ilitokea kwamba nilipotoka kazini nilikuwa na njaa ya haraka na nikala hukohuko kwa wengine, kisha nikarudi na kuingia moja kwa moja nyuma ya shuka yangu. Nilimsikia chini yangu akisali kwa sauti ndogo, akitaja majina yetu wote, la Mutiso likiwemo, na langu alilitaja na cheo. Mara moja alibisha kwenye chuma cha kitanda. "Profesa, kuna sima. Nimesonga nyingi kwa mazoea." Nikamwambia nimeshakula. Ilikuwa kweli, na hadi leo sijui kwa nini ukweli huo unaniuma kuliko karatasi.

Siku ya kuondoka, gari lilikuja asubuhi kabla ya basi letu. Alikuwa amevaa shati la kanisani, amebeba begi moja. Wenzetu walikuwa na shughuli nyingi za ghafla za kutafuta soksi. Nikamsindikiza mpaka mlangoni tu, nikijua kwamba hapo ndipo mwisho nitakapoweza kufika. Nilitarajia aseme kitu cha kunikata, nilikuwa nimejiandaa, na pengine nilikuwa nakitamani. Alinishika mkono. "Endelea kuwafundisha Ijumaa," akasema. "Unafundisha vizuri sana, mimi imenisaidia." Kisha akaingia kwenye gari, akahangaika kidogo na mkanda mpaka dereva akamfungia.

Tuliobaki tulimaliza mikataba yetu. Kandarasi haikuvunjika. Nilirudi Kenya na akiba ya kutosha kuanzia shahada ya pili, na mada haikunichukua muda kuichagua.

Kwa hiyo, Barnaba alipofariki, nilienda Bungoma kumzika. Walinikalisha mbele, kwa sababu profesa hakalishwi nyuma. Mchungaji akaniita niseme neno kama mtu aliyeishi na marehemu Uarabuni. Nilizungumza dakika kumi kuhusu watu wa kanisa la kwanza, ambao hawakutafuta kifo bali walikataa tu kusema lisilo kweli. Watu walisema amina. Sikutaja karatasi. Nilikaa, na moyo wangu ukaniambia, kwa ile sauti yangu nzuri, kwamba matanga si mahali pake.

Baadaye mjane wake, Mama Nekesa, alinikaribisha chai ndani. Akaniambia kwamba Barnaba aliwasimulia watoto habari zote za yule askofu na yule mama wa maziwa. "Alisema wewe ndiye ulimfundisha." Nilitazama kikombe. Kisha akachukua simu ya marehemu iliyokuwa ikichajiwa dirishani. "Kuna kazi moja, Profesa. Kila Ramadhani alikuwa akimpigia mama fulani wa Zanzibar, mama wa yule kijana. Mwaka huu Ramadhani ilimkuta amelazwa, hakupiga. Huyo mama hajui. Mimi Kiswahili changu ni cha hapa tu sokoni, nitamwambia vibaya. Wewe ni mwalimu, utapata maneno."

Nilipiga kesho yake, kutoka ofisini kwangu, mlango umefungwa. Aliitikia mwenyewe. Nilisema natoka kwa watu wa Barnaba, na sauti ikachangamka. "Barnaba hajambo? Mwaka huu kanisahau. Nikasema labda simu yake mbovu." Nikamwambia. Akasema maneno ya dini yao ya kuupokea msiba, akauliza watoto wangapi, mjane ana hali gani, amezikwa lini, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea misiba. Kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, ulikuwako kule na Makame?"

"Nilikuwako, mama. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye redio."

"Ngoja nikae." Nikasikia kiti kikiburutwa. "Ile karatasi ililetwa na begi lake la nguo. Mjomba wake ndiye aliyenisomea, watu wamejaa ukumbini. Kwamba mwanangu kapewa maji, kakataa. Ina saini kumi. Na Barnaba kila mwaka ananiambia, mama, aliomba. Yeye mmoja, wao kumi. Nilimpenda Barnaba, mwanangu, lakini nikisema moyoni, labda ananiliwaza tu. Mtu mwema huweza kumdanganya mama mtu. Sasa nambie wewe. Makame aliomba maji?"

"Aliomba, mama. Saa tano na robo. Saa sita na dakika ishirini. Saa saba kasoro dakika kumi."

"Na saini yako imo?"

"Imo. Ya tatu. Na maneno yenyewe niliyaweka sawa mimi."

"Haya," akasema, si kwa kusamehe wala kwa kulaani, kama mtu aliyepokea mzigo na kuuweka chini. "Na alipoomba, wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia avumilie."

Nyuma yake nilisikia sauti ya msichana ikiuliza, "Bibi, nani huyo unayezungumza naye?" Hakufunika simu kwa mkono, hakupunguza sauti.

"Ni yule aliyemwambia Makame avumilie," akamjibu.

Hakukata simu, na mimi sikukata.